Chakula cha Jioni Bila Ngano: Kwa Anayeanza Kupika Tinde

Ukiambiwa hospitali kwamba mtoto wako, mwenzi wako au wewe mwenyewe hupaswi kula ngano tena, kinachokujia kichwani ni orodha ya vilivyokatazwa. Chapati, maandazi, mkate, tambi, sambusa, biskuti, keki ya sikukuu. Kama ndiyo kwanza unajifunza kupika, unajiona umepewa mitihani miwili kwa mpigo: kushika mwiko, na kukwepa kitu ambacho kila duka la mtaani limekipanga mbele.

Nataka nikutoe hofu. Chakula cha jioni cha Usukumani tangu asili hakina ngano. Wali, ugali wa mahindi, mtama, uwele, ulezi, mhogo na viazi vitamu, vyote hivi havina gluteni hata chembe. Ngano kwetu ni chakula cha asubuhi, cha safari na cha sherehe. Kwa hiyo anayeishi Tinde, huku huku Usukumani, hana haja ya kutafuta unga wa ajabu kutoka Ulaya kwa bei ya kuumiza. Anachotakiwa ni kuvipika vizuri vyakula vya hapa hapa, kuviwekea mboga za kutosha, na kuvilinda visiguswe na ngano njiani kutoka mashineni hadi sahanini.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina madhara. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba, mahali penyewe ambapo chakula hufyonzwa. Mtoto huharisha, tumbo hujaa, uzito hauongezeki. Mtu mzima anaweza asiharishe kabisa, akabaki na uchovu na upungufu wa damu usioisha hata akimeza vidonge vya kuongeza damu. Hakuna dawa ya kuutibu. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Uhusiano wake na ngano uligunduliwa kwa njia ya huzuni. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliona wakati wa njaa kali ya mwaka 1944 na 1945 kwamba wagonjwa wake wa aina hii walipata nafuu mkate ulipoadimika, na mkate uliporudi wakaumwa upya. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Leo inajulikana kwamba katika nchi nyingi karibu mtu mmoja katika kila 100 ana siliaki. Ukisikia mtu akisema huu ni ugonjwa wa Wazungu, mwambie kwamba miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa kimo cha Waafrika wenzetu, watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi: zaidi ya watano katika kila 100, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 1999.

Jambo moja usilikosee: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili waliochokozwa na gluteni, na mara nyingi hufuatiwa na kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Ukiwa umeshaacha ngano miezi kadhaa, majibu yanaweza kuonyesha kwamba huna kitu. Kwa watu wa huku, safari ya vipimo hivyo kwa kawaida huanzia hospitali ya rufaa ya mkoa na kuishia hospitali ya Bugando, Mwanza. Na kama hujapimwa, na huna dalili, huna sababu ya kuiogopa ngano. Usimnyime mtoto mwenye afya mkate kwa sababu tu umesikia watu wanasema.

Sasa twende jikoni.

Tinde ni njia panda. Barabara inayotoka Nzega inagawanyika hapa: moja inakwenda Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda. Kwa mpishi anayeanza hii ni neema, kwa sababu dagaa na samaki wa Ziwa Victoria, mchele wa majaruba ya jirani, dengu na choroko za mbugani, karanga na viazi vyote vinapita mahali pamoja. Nenda sokoni asubuhi, tena nenda ukiuliza. Aibu ya kuuliza ndiyo inayowaponza wapishi wapya, hasa vijana wa kiume waliopangiwa kazi huku na kujikuta peke yao na jiko la mkaa. Mama muuza dagaa akiona umesimama mbali unatazama tu, atakupimia wowote. Msogelee kwa heshima.

"Shikamoo mama. Dagaa hawa wamekaushwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hawa ni wa kwenye chanja, hawana mchanga. Wale pale ni wa chini, bei yake nafuu lakini utawaosha mpaka uchoke."

Kwa maneno hayo machache umeshapata nusu ya somo. Dagaa wa chanja huwa safi na hung'aa. Wa kuanikwa chini hubeba mchanga unaosagika menoni. Kwa anayeanza, ongeza hela kidogo uchukue wa chanja. Nyumbani toa vichwa, uwamwagie maji ya moto, waache dakika chache, wakoroge kwa mkono, kisha watoe kwa kuwakomba kutoka juu bila kumwaga maji yote pamoja, ili mchanga uliotuama ubaki chini ya bakuli. Rudia mpaka chini pabaki peupe. Wakaushe, wakaange kwa vijiko viwili vya mafuta ya alizeti mpaka waanze kukakamaa, ndipo uweke kitunguu, nyanya mbili tatu na chumvi kidogo. Malizia kwa ndimu au maji ya ukwaju. Harufu inayowakimbiza watoto mezani hutokana na dagaa waliooshwa vibaya. Ukiwaosha hivi watakula, na wakila na mifupa yake wanapata madini ya chokaa, ambayo mwenye siliaki anayahitaji sana kwa kuwa utumbo wake ulikuwa haufyonzi vizuri.

Wali ndio ushindi wa kwanza wa mpishi mpya, kwa hiyo anza nao. Peta mchele kwenye ungo mahali penye mwanga, usogeze kidogo kidogo kwa vidole, toa mawe na punje za mpunga. Usiharakishe hapa: jiwe moja likimvunja mtu jino, kesho yake nyumba nzima itataka ugali. Osha mara mbili. Kwa watu watano, vikombe vitatu vya mchele vinatosha kama mboga ipo ya kutosha. Maji ni vikombe sita kwa mchele uliokaa. Mchele mpya wa mavuno ya karibuni hunywa maji kidogo, punguza kikombe kimoja. Chemsha maji na chumvi na kijiko cha mafuta, mimina mchele, koroga mara moja tu, funika. Maji yakikaribia kukauka punguza moto chini, weka makaa machache juu ya mfuniko, palia kwa dakika 15 bila kufunua. Wanaofunua kila mara kuchungulia ndio wanaoishia na wali wenye kiini.

Ugali unataka mkono zaidi, ila nao una utaratibu wake. Koroga unga kidogo kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, pata uji mwepesi, uache utokote dakika tano. Hatua hii ya uji ndiyo wapishi wapya huiruka, kisha wanashangaa ugali unanuka unga mbichi. Halafu ongeza unga kiasi kwa kiasi huku unasonga, ukiubana ugali kwenye ukuta wa sufuria ili mabonge yavunjike. Unga wa mtama peke yake hukatika. Changanya sehemu mbili za mtama na moja ya unga wa mhogo, utapata ugali unaoshikana. Huo mhogo unafanya kazi ambayo gluteni ingeifanya kwenye ngano.

Na usidharau michembe. Wasukuma walitatua tatizo la chakula cha haraka zamani sana: viazi vitamu hukatwa vipande vikiwa vibichi na kukaushwa juani, hiyo ndiyo michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa, hayo ni matobolwa. Vyote hukaa miezi. Siku umerudi kazini umechoka, osha michembe, chemsha mpaka ilainike, changanya na karanga zilizotwangwa, mezani weka maziwa ya mgando. Chakula kimekamilika, na mpishi mpya hana pa kukosea. Ukipata viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, chukua hivyo. Vina vitamini A kwa wingi, na kazi ya kuvisambaza Afrika ndiyo iliyowafanya Robert Mwanga wa Uganda na wenzake wawili washiriki Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Familia nyingi zinapoacha ngano huongeza wali na ugali tu. Sahani inakuwa mlima wa wanga na mboga kidogo pembeni, na mgonjwa anashiba bila kupona. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilivitaka viwanda vya unga wa ngano na mahindi kuongeza madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Anayeacha mkate na kula unga wa mashine ya mtaani anayakosa hayo yote, na huyu ndiye yule yule aliyekwenda hospitali akiwa na damu pungufu. Lazima uyarudishe kwa mikunde, mboga za majani, dagaa, mayai na nyama kila inapowezekana.

Mikunde mpikie mtoto wako kila siku mbili, usisubiri mwisho wa mwezi hela ya nyama ikiisha. Choroko haihitaji kulowekwa na huiva upesi kuliko maharage. Dengu zetu za mbugani ni ngumu, ziloweke asubuhi kabla hujatoka, jioni zitakuwa zimevimba na hazitakula mkaa mwingi. Chemsha chungu kizima, gawanya: leo unaunga kwa nyanya, kitunguu na bizari nyembamba, kesho unaunga kwa karanga. Kunde na michembe zikipikwa pamoja ni chakula cha bibi zetu, na sijaona mtaalamu wa lishe aliyekisema vibaya.

Mboga za majani nazo zisiwe mchicha peke yake. Matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mgagani. Mgagani una uchungu, ndiyo sababu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ukaungwa kwa maziwa au karanga. Wakati wa kiangazi nsansa, yaani majani yaliyokaushwa, inashika nafasi. Mlenda uupike, ila magadi yawe chembe tu, kwa kuwa yakizidi huharibu vitamini. Kamulia ndimu juu ya mboga na umalizie kwa embe au papai, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi hufanya kinyume. Isogeze mbali na mlo angalau kwa saa moja.

Maziwa mapya yanaweza kumsumbua mgonjwa miezi ya mwanzo, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mgando huwa na nafuu. Utumbo ukipona, wengi hurudi kuyanywa bila shida.

Vyakula vyetu visivyo na ngano navyo vina hatari zake. Mahindi na karanga zilizovunda hubeba sumukuvu, ambayo haionekani wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao maeneo ya Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nyumba iliyoacha ngano inakula mahindi na karanga zaidi ya jirani zake, kwa hiyo ichague zaidi ya jirani zake. Chambua punje moja moja kabla ya kusaga, tupa iliyopasuka, iliyobadilika rangi, iliyoliwa na wadudu. Dona ina nyuzi nyingi kuliko sembe na ni bora kwa afya, lakini ganda ndilo hukusanya sumu hiyo zaidi, kwa hiyo dona ya mahindi machafu ni mbaya kuliko sembe. Mhogo mchungu nao usiuendee mbio. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walikula mhogo ambao haukulowekwa vya kutosha na wakapooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Menya, loweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, anika ukauke kabisa, ndipo usage.

Tumefika penye mtego mkubwa, ngano isiyoonekana.

Anza na mashine ya kusaga. Mtama wako ni safi, lakini mteja aliyekutangulia huenda alisaga unga wa lishe, na michanganyiko mingi ya unga wa lishe ina ngano ndani yake. Nenda asubuhi mashine inapofunguliwa, mwombe mwenye mashine kwa upole, saga kilo moja ya nafaka yako kwanza na unga huo wa mwanzo wape kuku. Kuna watakaokuona unajivuna. Waeleze ni agizo la daktari, watazoea. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa. Changanya mwenyewe ulezi, mchele, soya na karanga.

Pili, viungo vya pakiti. Unga wa kuzidishia mchuzi na baadhi ya mchanganyiko wa pilau huwa na ngano ya kuongeza uzito. Maandishi mara nyingi ni ya Kiingereza, basi yakariri maneno manne: wheat ni ngano, barley ni shayiri, rye ni rai, malt ni kimea, ambacho mara nyingi ni cha shayiri. Soseji na mchuzi wa soya navyo visome. Ukishindwa kusoma pakiti, acha. Tangawizi, kitunguu saumu, mdalasini, iliki na pilipili manga ukivinunua vizima na kuvitwanga mwenyewe havikudanganyi. Kimataifa chakula huruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja, kiasi kidogo mno, kwa hiyo vumbi la unga kwenye meza linatosha kuleta madhara.

Tatu, mafuta ya kukaangia. Chipsi ni viazi, lakini zikikaangwa kwenye karai lililotoa sambusa na maandazi zimeshachafuka. Kwa mama lishe wa stendi, agiza wali, maharage na samaki wa kuchoma au kuchemsha, samaki asiyepakwa unga. Nyumbani, mgonjwa awe na mwiko wake, ubao wake na chujio lake. Vyombo vya mti na vyenye matundu hushika unga hata ukiviosha.

Ushauri wangu mkubwa kuhusu familia ni huu: chakula cha jioni kipikwe kimoja kwa wote. Kumpikia mtoto sufuria yake pembeni kunamfanya ajione mgonjwa kila jioni, na kunamchosha mpishi ambaye bado anajifunza. Wenye hamu ya chapati wale asubuhi, mbali na jiko. Na mtoto akiililia chapati, mtengenezee vibibi: loweka mchele usiku, usage na tui la nazi au maziwa, weka hamira na sukari kidogo, acha uumuke, mimina upawa mmoja mmoja kwenye kikaango cha moto. Vitatu vya kwanza vitashika chini, usivunjike moyo. Unga wa dengu uliokorogwa na maji, kitunguu, chumvi na pilipili hoho nao hutoa mkate mwembamba mzuri wa kula na mchuzi, ila dengu ziwe zimesagwa kwa uangalifu ule ule wa mashineni.

Halafu kuna zawadi. Kwetu, baba akirudi kutoka Kakola au Geita mgodini, hashuki kwenye basi mikono mitupu. Hubeba mikate miwili na biskuti za watoto. Ni upendo, na ni vigumu kuukataa. Mpigie simu kabla hajapanda gari, mwambie alete matunda, karanga za kukaanga au samaki. Bibi na shangazi waambieni mapema na kwa heshima, pamoja na sababu, kwa maana bibi anayemwona mjukuu amekonda atampa andazi kwa huruma. Mwalimu wa darasa naye ajue, hasa kama shuleni kuna uji.

Baada ya miezi sita rudini hospitali, damu ipimwe tena. Majibu yakiwa bado mabaya, kabla ya kumlaumu daktari au kutafuta dawa nyingine, kagua kwanza jiko: uliza unga ulisagwa wapi, viungo ni vya pakiti gani, na mtoto hula nini akiwa kwa jirani.